Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2022

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, nami sitamtangulia. Ila najua kifungu kimoja kitaulizwa tu: safari ya Barcelona. Wapo waliosema waziwazi kwamba fedha za ada hazikupaswa kupanda ndege wakati mawasilisho siku hizi yanatazamwa kwenye simu. Hoja hiyo ina uzito, hivyo nitaijibu.

Mkutano wa Jumuiya ya Ulaya ya Magonjwa ya Moyo ulifanyika huko Barcelona tarehe 26 hadi 29 Agosti, baada ya miaka miwili ya kukutana mtandaoni kwa sababu ya Uviko. Mengi ya pale bado yako mbali nasi. Vifaa vya kubadilishia valvu za moyo kwa kupitia mshipa wa paja tulivitazama, tukavisifu, tukapita. Bei hatukuuliza.

Lililotuhusu ni utafiti wa INVICTUS: wagonjwa 4,531 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wenye ugonjwa wa moyo utokanao na baridi yabisi pamoja na mapigo yasiyo na mpangilio. Wastani wa umri ni miaka 50, na zaidi ya saba katika kila kumi ni wanawake. Yaani wale wale wanaojaza mabenchi ya kliniki zetu. Wengi tuliingia ukumbini tukitarajia rivaroxaban, dawa mpya ya kuzuia damu isigande, iishinde warfarin ya zamani, au walau itoke sare, tupumue na habari za INR, kile kipimo cha damu anachohitaji mara kwa mara mgonjwa wa warfarin. Wapi! Katika kundi la rivaroxaban walifariki 552; katika kundi la warfarin na dawa za jamii yake, 442. Na kwa kuvuja damu nyingi, hapakuonekana tofauti ya kutegemewa kati ya makundi hayo mawili. Daktari mmoja kutoka Kampala aliyeketi pembeni yangu alitazama skrini, akaninong'oneza, "Haya, turudi maabara."

Zingatieni pia kwamba INR za wagonjwa wale wa warfarin hazikuwa za kupigiwa mfano. Wakati wa ufuatiliaji zilikaa kwenye kiwango kinachotakiwa takriban asilimia 56 hadi 65 tu. Mimi nashuku kule kuonana nao mara kwa mara kwa ajili ya kipimo kulichangia kupunguza vifo, ingawa hilo ni wazo langu.

Tuliporudi, kamati tendaji iliwaandikia nyote kwamba wagonjwa hawa wasihamishwe kutoka warfarin. Tumeandaa pia kipeperushi cha Kiswahili kuhusu chakula cha anayemeza warfarin, maana vitamini K ya mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo, na niliwahi kufungua daftari la mgonjwa nikakuta limeandikwa kwa wino mwekundu: "Asile mboga za majani." Atakula nini na ugali? Mchicha, kisamvu na matembele wale, ila kiasi kisipande na kushuka wiki hadi wiki.

La pili kwa kifupi: utafiti wa TIME wa Uingereza, watu 21,104, haukuona tofauti kati ya kumeza dawa za presha asubuhi na kuzimeza jioni. Mgonjwa achague saa asiyoisahau.

Mwaka 2023 mkutano utakuwa Amsterdam, mwezi Agosti. Napendekeza mwenyekiti abaki nyumbani, aende muuguzi wa kliniki ya warfarin pamoja na daktari mmoja aliye masomoni, kwa sharti kwamba wakirudi wawasilishe mbele yenu kabla mwezi haujaisha. Pendekezo limo kwenye ajenda ya leo na litapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina.