Asante sana wewe uliyenielekeza kutua na F-14 kwenye meli

Jamani naomba nimshukuru hadharani yule ndugu aliyenisaidia na hii F-14 Tomcat, ndege ya kivita iliyomo kwenye DCS World, ule mchezo wa kompyuta wa kuendesha ndege, jina lake silitaji ila akisoma hapa atajijua tu. Yani hii ndege ni tamu balaa, mabawa yanajikunja yenyewe kutoka nyuzi 20 mpaka 68 kadri spidi inavyopanda, ukigeuka nyuma unayaona kabisa yanarudi, na ukizingatia iliruka mara ya kwanza 1970 na jeshi la majini la Marekani liliistaafisha 2006, kuiendesha leo nikiwa nyumbani na joistiki yangu ni raha sijui niielezeeje.

Ila kutua kwenye meli ya kubeba ndege, hapo ndo nakushukuru kwa moyo wote ndugu yangu, maana hukunipa majibu ya haraka haraka, ulikaa ukanieleza na sababu zake, kwamba macho yasigande kwenye spidi bali nifuate zile taa ndogo mbele ya rubani zinazoonyesha pembe ya ndege dhidi ya upepo, mpaka iwake ile duara ya katikati, kasi ya kushuka niirekebishe kwa leva za injini, mwishoni pua nisiinue kama kwenye uwanja wa kawaida, na magurudumu yakigusa tu nisukume injini zote maana ndoano ya mkiani ikikosa waya wa kusimamisha ndege uliotandazwa melini lazima uruke tena. Sasa nashika waya mpaka raha! Ubarikiwe sana, na ukipata nafasi naomba unifundishe na kujaza mafuta angani.