Hatua 612 za ukingo wa mto: wito wa harambee

Wazazi, walimu, majirani wa ng'ambo zote mbili, na nyinyi mliohama mtaa mkatuachia namba zenu za simu,

Muhula uliopita watoto wa Gredi ya 6 waliipima njia yetu ya mtoni kwa miguu. Kutoka darajani hadi lango la shule ni hatua 612. Kati ya hizo, hatua 40 hivi zipo pale konani, ambapo ukingo umemegeka hadi njia ikabaki na upana wa kreti ya soda. Mtoto hupita hapo ameshika mabati ya nyumba ya jirani kwa mkono mmoja na begi kwa mkono wa pili.

Huu ni mto ule ule ambao Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, maji baridi, na jiji likachukua jina. Unaanzia Ondiri kule Kikuyu, unapita Chiromo, Globe na Gikomba, na ukitufikia umebeba ya kila mtu: majitaka, oili ya gereji, nepi, vipande vya mitumba. Ukitoka kwetu unaingia Athi, ambao mbele huitwa Galana na mwishowe Sabaki, kisha bahari karibu na Malindi. Kwa hiyo mkisikia tumewaomba hata jamaa wa Malindi, msishangae. Tunawapunguzia mzigo.

Kusafisha tumesafisha. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi magunia hujaa, picha hupigwa, na wiki mbili baadaye taka zimerudi pale pale. Mwaka 2023 tulipanda miche 80 ya mianzi kwenye kona bila kuweka hata jiwe moja. Wazee walituonya kwamba kona ya nje ndiko mto unakokula. Hatukusikia. Mvua za Aprili 2024 zikaja, mto ukapanda usiku, na asubuhi tulikuta mwanzi mmoja tu umesimama, mlango wa friji umeuegemea.

Majirani wa chini walipoteza makubwa kuliko miche. Wengine walisombewa nyumba, na waliosalimika wakabomolewa baada ya serikali kuamuru watu waondoke mita 30 kutoka mtoni. Baadhi yao bado huja kushika reki nasi, kwa miguu, kutoka walikohamia. Ndiyo maana tukisema bustani, tusieleweke kwamba tunatafuta pahali pa picha za harusi juu ya msingi wa nyumba ya mtu. Tunataka njia ambayo mtoto atapita bila kushika mabati, na kivuli cha kukaa kando yake.

Safari hii tunaanza na mawe. Pale konani tutajenga gabioni, yaani makreti ya waya yaliyojazwa mawe. Ukuta wa saruji hupasuka udongo ukisogea. Gabioni hulala nao, na maji hupenya bila kubeba udongo. Nyuma yake ndipo mianzi itapandwa, ipate misimu ya kushikana mizizi. Njia itamwagwa murram, na taa sita za sola zitawekwa kwa ajili ya wanaopita alfajiri na jioni. Mabenchi ya magogo tumeahidiwa bure na fundi seremala, mzazi wetu. Hatujengi kibanda wala choo: eneo ni la mto.

Gabioni zitagharimu Sh 230,000, taa Sh 90,000, miche 150 Sh 45,000, murram Sh 36,000. Fungu linaloleta manung'uniko ni la mtunzaji: Sh 17,000 kwa mwezi, Sh 204,000 kwa mwaka. Kila mtu anapenda benchi lenye jina lake, mshahara hakuna anayeupenda. Lakini angalieni Michuki Park pale karibu na Globe: ilisafishwa ikapendeza, ikaachwa ikachakaa, hadi 2020 ikabidi ikarabatiwe upya. Na pale Korogocho, vijana wa Komb Green waligeuza jalala kuwa bustani, na wanaishikilia kwa sababu wapo pale. Sisi tumekuwa watu wa Jumamosi moja kwa mwezi. Mwenye mkokoteni wa taka anaijua ratiba yetu kuliko sisi wenyewe.

Kuna anayeuliza: si serikali ilianza mpango wa kufufua Mto Nairobi mwaka 2025? Ilianza, na iendelee, kwa maana mabomba ya majitaka hatuyawezi kwa harambee. Wala hatuwadanganyi kwamba maji yatakuwa safi kwa sababu ya mianzi yetu. Harufu itabaki kwa muda. Tunachoweza ni huu ukingo.

Jumla ni Sh 605,000. Mkononi tuna Sh 118,000, zikiwemo sarafu ambazo watoto walileta kwenye kopo la Blue Band. Salio ni Sh 487,000, na ukiligawa kwa hatua 612, hatua moja inakuja karibu Sh 800. Basi tunauza hatua. Watoto wana daftari la kuandika nani amenunua ipi, na zile za konani tayari zinagombaniwa.

Namba ya paybill ya shule ipo nyuma ya kadi ya mchango. Kwenye akaunti andika HATUA. Usitume pesa kwa simu ya mtu yeyote, hata ya mwenyekiti. Asiye na pesa alete koleo, au siku moja ya kupanga mawe. Hilo pia litaandikwa daftarini.

Harambee yenyewe ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, uwanjani. Waheshimiwa wanakaribishwa kama wazazi wengine, ila maikrofoni itakaa na mwalimu mkuu. Kutakuwa na mnada wa jogoo na wa nduma. Nduma ni za Kirinyaga, si za mtoni, msiogope. Wenye gambuti waje saa moja asubuhi, maana reki zinatangulia hotuba.

Kamati ya ukingo, wazazi na walimu