Kabla hujaipeleka maikrowevu kwa wanunua vyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni fundi redio na friji hapa Kihonda, Morogoro, ila siku hizi maikrowevu ndizo zinazojaa kibandani kwangu.

Juzi jirani yangu muuza sambusa alipita na yake kichwani, anaipeleka kwa wanunua vyuma chakavu. Ilikuwa inatoa cheche kama mtu anachomelea geti, na fundi mmoja wa mjini alishamwambia magnetroni imekufa: atoe laki moja na ishirini au anunue nyingine. Nikamuuliza swali moja tu, "Mama, chakula kinapata moto?" Akasema kinapata, tena sana. Sasa, magnetroni ndiyo inayotoa mawimbi ya kupasha chakula. Ikifa, taa itawaka, sahani itazunguka, na wali utatoka baridi kama ulivyoingia. Maiti haichemshi maziwa.

Tukaitua, tukafungua mlango. Ukutani upande wa kulia kuna kipande chembamba cha kijivu, hakizidi bahasha, ambacho wengi hudhani ni kadibodi. Huo ni ulanga, huu huu tuliokuwa tukiuokota utotoni milimani Uluguru na kuubandua kwa kucha tabaka baada ya tabaka. Wajerumani waliuchimba huku enzi zao. Ndani ya maikrowevu kazi yake ni kuziba njia ya mawimbi ili mchuzi na mvuke visipenye, mawimbi yenyewe yapite. Cha mama kilikuwa kimelowa mafuta, kona moja imegeuka mkaa. Mkaa unapitisha umeme, na cheche zilikuwa zinarukia hapo hapo.

Nikakitoa, nikafuta mafuta yaliyojificha nyuma yake, nikakata kipya kwa mkasi nikifuatisha cha zamani pamoja na matundu yake. Kipande na ufundi, elfu nane. Chai niliyokuwa nimeimimina ilikuwa bado ya moto.

Kuna wanaoziba pale kwa kadibodi ya kalenda. Nimeletewa moja, imeungua katikati. Wengine wanautoa ulanga na kuwasha hivyo hivyo, mafuta yakaingia hadi kwenye magnetroni yenyewe, na hapo ndipo gharama kubwa inapokuja kweli.

Kuzuia ni rahisi. Bakuli la maji na ndimu iliyokatwa, washa dakika tano, acha mlango umefungwa dakika chache, kisha futa kwa kitambaa laini. Ule waya wa kusugulia sufuria uacheni kwenye masufuria, maana unachubua rangi, chuma kinabaki wazi, kutu inaingia, na cheche zinaanza upya. Rangi ikishabanduka kidogo, piga msasa, paka rangi maalumu ya ndani ya maikrowevu. Kutu ikitoboa, au mlango ukilegea usifunge sawasawa, hiyo sasa ndiyo ya vyuma chakavu.

Ila jamani, nasema chumba cha chakula tu, tena plagi ikiwa imechomolewa. Bodi la nje msilifungue. Nyuma yake kuna kapasita, yaani kifaa cha kutunza umeme, inayofanya kazi kwenye volti 2,000 hivi, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Nilipokuwa bado najifunza nilichomoa, nikapiga soga kidogo, nikarudi kushika waya. Nilijikuta nimekaa chini ng'ambo ya meza, na kidole hiki cha shahada hadi leo hakikunji vizuri.

Mafundi wenzangu, tukimwambia mteja kifaa kimekufa, tumwonyeshe hicho kilichokufa. Na huyo ndugu wa mjini, kama anasoma gazeti hili, kile kipande cha mama chenye kona iliyoungua nimekitundika kwenye msumari hapa kibandani. Aje akione.

Fundi redio,
Kihonda, Morogoro