Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuhusu siri za mnunuzi na muuzaji mtandaoni

YAH: MTEJA ATHIBITISHE MALIPO BILA KUNIONYESHA SALIO LAKE

Mheshimiwa Gavana,

Nakusalimu kwa heshima. Nauza nguo za ndani za kike na vifaa vya uzazi kupitia Instagram na WhatsApp, nikiwa nyumbani Tabata. Mzigo nachukua Kariakoo, bodaboda anaufikisha kwa mteja. Shida yangu ni moja: namna mteja anavyonithibitishia kwamba amelipa.

Akishatuma hela, namwambia kile ambacho wauzaji wote tunasema: "Nitumie skrinishoti." Kwenye picha ile kiasi nilicholipwa ni kipande kidogo tu cha maneno. Kuna jina langu lote kama lilivyosajiliwa kwenye laini, namba yangu, saa ya muamala, makato, na mwishoni salio lililobaki kwenye simu ya mteja. Meseji inayoingia kwangu nayo ina namba yake na jina lake kamili. Binti aliyenunua kipimo cha mimba kimyakimya ameniachia jina la ukoo wake na hesabu ya fedha zake zote. Mimi nafuta. Lakini ni nani anayejua simu za wauzaji wengine zinashikwa na nani?

Na sisi wauzaji tunaumia. Wengi wetu ni wanawake tunaofanyia biashara chumbani. Mtu ananunua kitu cha elfu tatu, anapata jina na namba, kisha anaanza kupiga usiku wa manane. Ukibadilisha laini, umepoteza wateja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba skrinishoti yenyewe haithibitishi kitu. Yeyote mwenye programu ya kuhariri picha anageuza 5,000 kuwa 50,000, na meseji za malipo za kughushi zimeshawaliza wafanyabiashara wengi. Meseji halali ikichelewa, au simu ya kupokelea ikiwa kwa mtu mwingine, unabaki kuomba Mungu mteja awe mkweli. Yaani tunawavua wateja siri zao ili tupate ushahidi ambao hauna nguvu.

Mheshimiwa, dawa ipo na ni ya siku nyingi. Mwaka 1976 wataalamu wa usimbaji Whitfield Diffie na Martin Hellman walieleza wazo la saini ya kidijitali, yaani alama ya kihisabati inayothibitisha nani ametoa ujumbe na kwamba haujabadilishwa, na mwaka uliofuata wenzao Rivest, Shamir na Adleman wakapata njia ya kuitengeneza. Kampuni ya malipo inakuwa na funguo mbili, yaani namba ndefu mbili zinazokwenda pamoja: wa siri inabaki nao, wa wazi unapewa kila mtu. Risiti inabeba kiasi, namba ya oda na utambulisho wa duka, basi, kisha inatiwa saini kwa ufunguo wa siri. Simu yangu inaikagua kwa ufunguo wa wazi, hata mtandao ukiwa umekata. Ikibadilishwa tarakimu moja, saini inagoma. Jina la mteja halihitajiki, wala namba yake, wala salio. Namba ya oda inazuia risiti moja kutumika mara mbili.

Wateja wengine wanadhani kufuli wanaloliona kwenye kivinjari linawatosha. Lile linalinda taarifa zikiwa njiani. Zikishafika kwa muuzaji, anazisoma zote.

Najua swali litakalokuja: kodi na utakatishaji fedha je? Kwa risiti ninayoiomba, kampuni ya malipo bado inawajua wote wawili, na mamlaka ikija na amri halali itapata inachotafuta. Anayenyimwa ni mimi, ambaye sikuwa na haja ya kujua.

Kwa shilingi ya kidijitali, yaani fedha ya kielektroniki inayotolewa na Benki Kuu yenyewe, ambayo Benki Kuu ilisema mwaka 2023 inaitafiti hatua kwa hatua, naomba mwende mbali zaidi. Miaka ya 1980 mtaalamu wa usimbaji David Chaum alionyesha saini ya upofu, yaani kusaini kitu bila kukiona. Aliifananisha na bahasha yenye karatasi ya kaboni ndani: benki inasaini juu ya bahasha bila kuona kilichomo, na saini inajichapa kwenye noti iliyo ndani. Noti ikirudi, benki inaitambua saini yake lakini haijui ilimpa nani. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Uswisi ilichapisha andiko la Chaum na wenzake wawili likieleza namna benki kuu inavyoweza kutoa fedha ya aina hiyo: mnunuzi anabaki na siri yake, mapato ya muuzaji yanaonekana. Kodi yangu nitalipa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tayari inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika tu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 imekupa wewe usimamizi wa kampuni za malipo, na TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo unaoziunganisha, ni wa kwenu. Naomba kwanza utoe mwongozo wa kuondoa salio kwenye meseji ya uthibitisho wa malipo, liwe kwenye meseji yake peke yake. Hilo halihitaji hisabati yoyote, na linaweza kufanyika mwaka huu. Kisha risiti yenye saini iingizwe kwenye viwango vya TIPS, ijaribiwe na wauzaji wadogo kabla ya maduka makubwa, kwa sababu sisi ndio tunaoishi kwa skrinishoti. Wenye simu za kitochi wasisahaulike: kwao meseji ya kiasi na namba ya oda inatosha.

Mkihitaji wa kujaribia, mimi nipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Muuzaji wa mtandaoni, Tabata, Dar es Salaam