Picha ya bingwa ukutani

Ndugu yangu wa siku nyingi,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima, ila Mwalimu wetu wa ndondi bado anasumbuliwa na goti lake lile lile. Barua yako nimeipata jana, na kwa kuwa umesema mchoraji anakuja Jumamosi, na ukuta wa klabu una nafasi ya picha ya bingwa mmoja tu wa ndondi wa uzito wa pauni 175 (kama kilo 79), nimeona nisilale kabla ya kukujibu. Nisamehe kimya cha tangu mfungo. Kilitokana na shughuli, wala hakukuwa na kinyongo chochote.

Unasema vijana wanamtaka Roy Jones kwa sababu wanamwona kwenye simu zao. Siwalaumu hata kidogo, maana kwa wepesi wa mikono sijaona mfano wake, na Machi 2003 alipanda hadi uzito wa juu akamnyang'anya John Ruiz mkanda kwa pointi. Lakini katika miaka aliyotawala Jones, Dariusz Michalczewski naye alikuwa na mkanda mwingine wa dunia kule Ujerumani, na wawili hao hawakukutana kamwe. Kisha Mei 2004 likaja konde moja la kushoto la Antonio Tarver katika raundi ya 2, na sote tuliona kilichotokea. Simhukumu Jones kwa konde moja. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa bingwa naupima kwanza kwa watu aliokubali kusimama nao, na pili kwa alichofanya usiku mambo yalipomwendea vibaya, na kwa mizani hiyo namwona Archie Moore, bingwa wa miaka ya 1950.

Najua utanikumbusha Bob Foster, maana tangu ujana wetu ndiye wako. Namheshimu. Alitetea ubingwa mara 14, na lile konde la kushoto alilomwangusha nalo Dick Tiger wa Nigeria pale ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Mei 1968, raundi ya 4, lilikuwa konde la ajabu, kwa kuwa Tiger hakuwahi kupigwa KO, yaani kuangushwa akashindwa kuinuka, kabla ya usiku ule wala baada yake. Hata hivyo Tiger alikuwa mtu mfupi aliyepanda kutoka uzito wa kati, na Foster alikuwa na urefu wa kama mita 1.90. Jambo hilo hunikaa moyoni kila nikiitazama picha ya pambano lile.

Zamani tulikuwa tukigombana juu ya nani angempiga nani, mpaka Mwalimu anatuzimia taa. Siku hizi naona swali hilo halijibiki, kwa sababu Moore na Foster walijiandaa kwa raundi 15 na walipimwa uzito siku ile ile ya pambano, ilhali Jones, na baada yake mabingwa wa miaka ya karibuni kama Beterbiev na Bivol, wamepigana raundi 12 na kupimwa siku moja kabla, hivyo bondia huingia ulingoni ameshakula, ameshakunywa na mwili umerudi. Ukimhamisha mtu kutoka zama zake unakuwa umeshambadilisha.

Narudi kwa Moore. Alianza kupigana kwa malipo katika miaka ya 1930, lakini nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia hakupewa mpaka Desemba 1952, alipokuwa na miaka 36 kwa hesabu yake mwenyewe na 39 kwa hesabu ya mama yake. Usiku huo Joey Maxim, aliyekuwa bingwa, alihakikishiwa dola 100,000, naye Moore akaondoka na dola 800, lakini mkanda aliuchukua. Halafu kuna Montreal, Desemba 1958, pambano ambalo nimelitazama tena juzi usiku baada ya watoto kulala. Katika raundi ya kwanza Yvon Durelle alimwangusha mara tatu. Mtazame Moore anavyoinuka mara ya tatu: miguu haijawa yake, ila macho yako kwa mwamuzi, anahesabu pamoja naye. Akaanguka tena raundi ya 5, na bado katika raundi ya 11 ni Durelle aliyeshindwa kuendelea.

Kuna jambo moja linalonizuia kusema kwa uhakika wote, nami sitaki kukuficha. Ezzard Charles alimpiga Moore mara tatu, 1946, 1947 na 1948, na hiyo ya mwisho kwa KO katika raundi ya 8. Charles hakuwahi kupewa nafasi ya kugombea ubingwa wa uzito huu. Ilimbidi apande juu, akawa bingwa wa uzito wa juu mwaka 1949. Je, ukuta wa mabingwa unaweza kumbeba mtu aliyenyimwa ubingwa? Nimeligeuza swali hili usiku kucha.

Na Michael Spinks je? Marehemu baba alimjua kwa sababu ya Mustafa Wasajja wa Uganda, aliyekwenda Atlantic City Februari 1982 kumtafuta, akasimamishwa raundi ya 6. Baba aliliongelea pambano lile kwa huzuni hadi uzeeni. Mwaka uliofuata Spinks alimzidi Dwight Muhammad Qawi kwa pointi katika raundi 15, miezi miwili tu baada ya mama wa binti yake kufa katika ajali ya gari, na mtoto akimuulizia mama yake chumbani kabla ya Spinks kwenda ulingoni. Katika uzito huu Spinks hakushindwa kamwe. Ukiniuliza ni nani ningemwekea fedha yangu, ningesema Spinks. Wa kutazamwa na vijana kila jioni wakifunga bendeji, bado nasema Moore.

Sasa wewe nijibu: je, mchoraji anaweza kuuchora ulinzi wa Moore, mikono imelazwa mbele ya kifua na uso, kama komeo la mlango, macho yakichungulia juu ya glavu, vile vile Mwalimu alivyotufundisha? Vijana watakubali, au watasusa? Foster umekwisha kumwahidi mtu? Na yule mdogo wetu wa Mombasa ameanza tena mazoezi, au mama yake bado anakataa? Charles tumfanyie nini? Nipigie kabla ya Ijumaa jioni, maana Mwalimu naye anataka kusikia.

Wako daima,
Rafiki yako wa Morogoro