Risala ya Klabu ya Mdahalo kwa Mgeni Rasmi: Likizo Ibaki, Stoo Ifunguliwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi mliokuja, wengine kwa boti tangu juzi, wanafunzi wenzangu: shikamooni.

Tunamshukuru Mungu kutukutanisha salama siku hii ya taaluma. Tunakushukuru na wewe kuacha mafaili ofisini ukaja kukaa nasi. Tunaomba radhi kwa jua. Turubai tulilokodi limetosha meza kuu tu, na ndiyo maana wazazi wetu unawaona wamejipanga chini ya mwembe.

Risala huanza na historia, basi na sisi tusivunje mwiko. Klabu yetu hukutana kila Ijumaa saa nane mchana. Tunabishana, tunazomeana kidogo, mtunza muda anagonga meza, tunarudi hosteli. Mafanikio yetu ni kwamba bado tupo. Baada ya hayo, Mheshimiwa, tuingie kwenye jambo lililotufanya tuombe kusoma risala yetu wenyewe, mbali na ile ya serikali ya wanafunzi.

Muhula huu tulikaa Ijumaa tatu mfululizo juu ya hoja moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hoja ilisema: likizo ya kiangazi ifupishwe. Haikuwa yetu. Mwalimu wa Kiingereza aliitoa kwenye kitabu cha mazoezi kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya, akatuambia tujipime nayo. Watoto wa Uingereza hufunga shule wiki sita kuanzia mwishoni mwa Julai. Wa Marekani hukaa nyumbani wiki kumi na zaidi, na wa Italia hukaribia miezi mitatu. Uingereza wapo wanaotaka wiki hizo sita zipunguzwe ziwe nne, zilizobaki zihamishiwe kwenye mapumziko ya Oktoba.

Ijumaa ya kwanza tuliimalizia kwenye neno "kiangazi". Upande mmoja ukasema hilo ni jambo la Wazungu, halituhusu, tutafute hoja nyingine. Ndipo mwenzetu mmoja akaomba taarifa, akanyoosha kidole dirishani: nyasi za mlimani zimekauka, mtu anachoma moto, vumbi limeingia hadi kwenye madaftari. Akauliza, "Hiki nacho ni masika?" Hapa Kigoma mvua huanza Oktoba na hukatika Aprili au Mei mwanzoni. Likizo ya Juni ni ya kiangazi kabisa, haina ubishi. Tukaipokea hoja kama yetu.

Waliounga mkono walijiandaa vizuri kuliko sisi tuliopinga. Nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliopinga. Walileta utafiti wa Marekani wa mwaka 1996. Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti 39 kuhusu kinachosahaulika wakati wa likizo ndefu, wakakuta kwamba kwa wastani mtoto hurudi shuleni amerudi nyuma kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na hisabati huathirika kuliko kusoma. Kwenye kusoma kulikuwa na jambo jingine: watoto wa familia zenye nafasi walipanda kidogo, wa familia maskini wakashuka. Msemaji wao hakuishia Marekani. Akatugeukia akauliza nani anakumbuka jaribio la hisabati la Julai iliyopita, lile la wiki ya kwanza. Darasa zima likacheka, maana wengi wetu tuliandika jina na tarehe, tukakabidhi karatasi.

Kisha akasimama msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye huwa hasemi. Hakuwa na karatasi. Alisema akifika nyumbani Juni anakabidhiwa mtoto mchanga wa dada yake, ndoo na jembe, kwa utaratibu huo, na begi la shule linawekwa juu ya kabati mpaka siku ya kurudi. Akasema kuna rafiki yake aliyekwenda likizo na hakurudi, na sote tulijua kwa nini. Ni kweli tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi masomoni. Lakini, alisema, kuruhusiwa ni jambo moja, na kuna nani wa kumwachia mtoto ni jambo lingine. "Kwangu mimi," akamaliza, "kila wiki ya likizo ni wiki ya kuogopa." Hakuna aliyegonga meza. Mtunza muda naye alisahau.

Wavulana wana yao. Wenzetu wa vijiji vya ziwani wakifika nyumbani hupanda kipe, chombo cha kuvulia dagaa. Usiku wa giza dagaa wanapatikana, asubuhi unagawiwa chako mkononi, na mtu wa miaka kumi na sita aliyeshika fedha yake mwenyewe kwa wiki tatu ni vigumu kumrudisha kwenye dawati. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, tulikuwa kidato cha pili, na Julai ile wavulana wa darasa letu walirudi mapema kuliko mwaka mwingine wowote. Upande wa pili ukaruka na hilo: mnaona, likizo ikikosa kishawishi watu wanarudi! Nasi tukajibu kwamba walirudi mapema kwa sababu nyumbani kulikuwa na njaa. Mheshimiwa, majibu yote mawili ni ya kweli.

Sasa nieleze kwa nini mimi nilipinga, na bado napinga.

Bibi yangu ana michikichi. Juni naikuta kazi ya mawese imepamba moto. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, huchemshwa kwenye pipa tangu alfajiri, hutwangwa zikiwa bado za moto, kisha huingizwa kwenye kinu cha kukamulia, watu wawili wakizungusha mpini kama wanaendesha merikebu. Kinachotoka si mafuta. Ni uji mwekundu wenye maji, nyuzi na uchafu. Bibi huumwaga kwenye sufuria, huongeza maji ya moto, huchochea moto, na kukaa. Mafuta yanapanda juu taratibu, anayaengua kwa kata bila kugusa maji yaliyo chini. Mwaka jana nilikuwa nimekaa pembeni nikimwangalia, ghafla nikaelewa kile ambacho mwalimu wa Fizikia alikiita densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, kitu nilichokuwa nimekikariri muhula mzima bila kujua kinaishi wapi. Nikamweleza bibi. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe kina jina," akaendelea kuengua.

Mambo ya namna hiyo hayapatikani kwa siku tano. Na hapa ndipo hesabu inapokuja, Mheshimiwa, maana waliotaka kukata likizo walizungumza kana kwamba tunayo ndefu. Kalenda yetu ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Mapumziko ya Machi au Aprili na yale ya Septemba ni mafupi. Marefu ni mawili, ya Juni na ya Desemba, kila moja kama mwezi. Wiki nne ambazo Waingereza wanabishana wafike au wasifike, sisi tumeshafika.

Tena hizo wiki nne hatuzioni zote. Kuna kambi, yaani masomo ya ziada shuleni wakati wa likizo. Mwaka jana kambi ilichukua wiki mbili. Mzazi alitakiwa kuleta unga, maharage na fedha ya kambi. Aliyekuwa nazo alileta, asiyekuwa nazo mtoto wake alibaki nyumbani. Walimu wetu watusamehe, tunajua nao waliacha familia zao ili watufundishe, na tunajua matokeo ya kidato cha nne yanaanguka kwenye vichwa vyao. Lakini mada iliyofundishwa kambini haikurudiwa Julai. Aliyekosa unga alikosa na mada.

Ondoa kambi, ondoa safari. Kuna wenzetu wa Sigunga, Buhingu na Kalya, vijiji vya ziwani kusini mwa Ujiji. Boti zao zinatoka Ujiji, na Juni na Julai ndiyo miezi ya upepo wa kusini. Ziwa likichafuka, nahodha mwenye akili hatoki, anasubiri litulie. Anaweza kusubiri siku mbili, na abiria wanalala mwaloni, pale boti zinapotia nanga, juu ya mizigo yao. Yupo mwenzetu wa Kaliua anayesubiri treni, naye akifika anakuta tumbaku ya baba yake inapangwa madaraja kwa ajili ya soko, hapumziki hata siku moja. Siku ya kufungua shule mwaka jana, waliochelewa kwa sababu ya upepo walisimamishwa nje ya geti tangu asubuhi hadi saa sita. Mmoja alikuwa bado ana chumvi ya dagaa kwenye mabega kutokana na gunia aliloegemea njiani. Nilikuwa ndani nikimwangalia kupitia nondo za dirisha.

Ukitoa hayo yote, mwezi wetu wa likizo unabaki siku kumi hivi. Nani akate nini tena hapo?

Ijumaa ya tatu, hata hivyo, ilituumbua pande zote mbili. Mwalimu mlezi alituuliza swali moja tu: mwaka jana Juni, nani alikwenda nyumbani na kitabu? Si daftari, kitabu. Hakuna mkono ulionyooka. Hatukuwa wavivu. Wiki ya mwisho ya muhula vitabu hukusanywa, huhesabiwa, hufungiwa stoo, na ufunguo hutoka tena Julai. Tunabeba madaftari yenye tulichokinakili ubaoni, yakiwa na makosa yetu humo humo. Halafu Julai tunaulizwa kwa nini tumesahau.

Ndipo nilipokumbuka mwaka 2020. Tulikuwa darasa la tano. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Hiyo ilikuwa likizo ndefu kuliko ya Muitaliano. Kijijini kwetu mwalimu mmoja alifungua kabati la vitabu, akakaa mlangoni na kalamu, kila aliyepita anaandikwa jina na jina la kitabu kwenye daftari la kurasa mia moja. Ukikirudisha unapewa kingine. Mimi nilichukua cha sayansi, nikakisoma mpaka nikakichoka, nikabadilishana na jirani kabla hata ya kurudi kwa mwalimu. Kuna vitabu viwili vilivyoliwa na mbuzi, hilo nalikiri, na mmoja wa mbuzi hao alikuwa wetu. Lakini tulipofunguliwa, darasa letu halikuanza na aibu ya kukabidhi jina na tarehe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipiga kura na tuliopinga tulishinda kwa tofauti ndogo sana. Hata hivyo, maombi haya ni ya pande zote mbili, na yule msichana wa kidato cha pili ndiye aliyeandika la kwanza.

Ameomba stoo ifunguliwe kabla hatujaondoka, si baada. Kila mwanafunzi aondoke na angalau kitabu kimoja cha kiada kwa saini yake na ya mzazi, kikipotea au kikiliwa na mbuzi mzazi alipe. Ameomba pia kwamba kwa walio karibu, darasa moja libaki wazi asubuhi mbili kwa wiki mwezi wote wa Juni. Haombi mwalimu. Anaomba mlango na madawati. Alisema akiwa na mahali pa kwenda ambapo mama yake anapaheshimu, ataruhusiwa kutoka. Akisema anakwenda kusoma chini ya mti, anapewa mtoto ambebe.

Kuhusu kambi, tunaomba ibaki kwa madarasa ya mitihani peke yake, mzazi asilazimishwe, na mada iliyofundishwa huko irudiwe darasani hata kwa vipindi viwili.

Na kwa wenzetu wa kusini, tunaomba Ofisi yako iandike barua kwa shule zenye wanafunzi wa ziwani kwamba siku mbili za upepo zisihesabiwe kuwa utoro, mradi aje na maneno ya nahodha au ya mwenyekiti wa kijiji. Tunajua ziwa halina kalenda ya mihula.

Shule inafungwa Ijumaa ijayo. Boti ya Kalya, Mungu akipenda na upepo ukituruhusu, inaondoka Ujiji Jumamosi alfajiri. Ufunguo wa stoo anao mwalimu wa taaluma, ambaye amekaa kiti cha tatu kutoka kwako, mkono wa kulia.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Mdahalo