Nyumba Iliyo Chini ya Mavi

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na natumaini nawe hujambo. Uliniuliza mbawakawa wa mavi anaishi wapi hasa. Kukujibu kwamba anaishi mavini hakunitoshi, kwa maana mavi kwake ni ghala tu. Nyumba yenyewe iko chini.

Ninayemfahamu zaidi ni yule ambaye wataalamu humwita Onthophagus taurus, mdudu mweusi wa takriban milimita 10, ambaye asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Nilimwona malishoni kusini mwa Uhispania. Nilipoinua kwa kijiti bonge la mavi ya ng'ombe lililokwisha kufanya gamba, nilikuta udongo umetobolewa matundu ya kuenea penseli, na katika tundu moja dume alikuwa amejibana mlangoni, pembe zake mbili zilizopinda kama za fahali zikigusa kuta.

Ndani ya tundu kama hilo jike huteremsha mavi kidogo kidogo, akayashindilia yawe madonge, na katika kila donge hutaga yai moja tu. Buu hana chakula kingine ila donge hilo: dume aliyelishwa vizuri hutoka na pembe ndefu, na aliyepunjwa hutoka na vijipembe visivyofaa kwa vita. Wenye pembe hugombea mlango kwa kusukumana, na walipopimwa nguvu katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, mmoja wao alivuta mzigo wenye uzito mara 1,141 ya uzito wake mwenyewe. Wadogo nao huchimba njia ya pembeni wakamfikia jike huku mlinzi angali mlangoni. Kwangu mimi hao ni hodari vilevile.

Siku hizi anaishi hata mbali na kwao. Huko Australia, ambako mbawakawa wenyeji walizoea vinyesi vidogo vya kangaruu, mavi ya ng'ombe yalikuwa yakikauka malishoni na kuzalisha nzi, hata mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wakaanza kuingiza mbawakawa wa kigeni, naye akawa miongoni mwao.

Nawe ukipata nafasi ya kumtafuta, tafadhali inua ukingo wa bonge tu, kisha urudishe taratibu, kwa sababu mavi yakikauka jike hana tena cha kuteremsha.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.